Gari la Mwaka Gani Lifike Utete?

Kwa miaka mingi mwenye gari zuri aliyekuwa na safari ya Utete hakuulizwa gari lake ni la mwaka gani. Aliulizwa kama kivuko kinafanya kazi. Utete iko kusini mwa mto Rufiji, Dar es Salaam iko kaskazini, na kati yao palikuwa na Ndundu, mahali ambapo magari yote ya Lindi, Mtwara na Utete yalisubiri kuvushwa kwa pantoni. Mto ukifurika, kazi ilisimama. Malori na mabasi yalipanga foleni ukingoni, abiria wakapika, wakala na kulala papo hapo mpaka maji yapungue. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwakumbusha watu wa kusini jinsi mto ule unavyoweza kuikata nchi vipande viwili.

Katika hali hiyo gari la kifahari aina ya saluni halikuwa na kazi wilayani. Utete ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Rufiji tangu enzi za ukoloni, na gari la bomani lilikuwa Land Rover. Hata baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilipoanzisha Operesheni Rufiji na kuwahamisha wakulima wa bondeni kwenda kwenye vijiji vilivyo juu ya maji, maofisa walifika kwao kwa Land Rover, kwa lori na kwa miguu. Ukitoka Nyamwage kuingia Utete kuna kilomita 33 na ushee. Kwa miongo kadhaa zilikuwa za udongo, na kiangazi zilitimua vumbi jekundu, masika zikageuka utelezi.

Siasa nayo ilikuwa na neno lake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa katika kampuni au mishahara miwili, na mwenye Mercedes aliitwa Mbenzi, jina ambalo hakuna aliyelipenda. Magari mapya yaliingia kwa mgawo kupitia Shirika la Magari la Taifa, lililojulikana zaidi kwa jina lake la Kiingereza, State Motor Corporation. Raia wa kawaida aliyekuwa na Peugeot 404 au 504 alilitunza kwa miaka, kwa sababu hakujua lini angepata jingine. Mafuta yalipokuwa adimu, ilipigwa marufuku kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Watu wa wakati huo hawakuchagua mwaka wa gari. Walichukua lililopatikana, wakashukuru.

Mlango ulifunguka na bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mtu aliyekuwa na fedha zake za kigeni nje ya nchi aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Pikapu na malori yalitangulia kwa sababu yalirudisha hela haraka. Saluni zilifuata, na kufikia miaka ya 1990 nyingi zilikuwa za mkono wa pili kutoka Japani, baadhi zikipitia Dubai.

Kwa nini Japani? Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Zaidi ya hapo, sheria yao inamlazimu mwenye gari kulipeleka kwenye ukaguzi linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Hadi 1995 gari lililozidi miaka kumi lilikaguliwa kila mwaka. Mjapani aliona afadhali auze anunue jipya. Gari ambalo kwake lilikuwa mzigo, kwa mwalimu wa Ikwiriri au mfanyabiashara wa ufuta wa Kibiti lilikuwa bado na maisha marefu mbele yake.

Hapo ndipo Toyota Mark II ilipoingia katika maisha ya Watanzania. Aina hiyo ilianza 1968 kama Corona Mark II, ndugu mdogo wa Crown, ambayo Toyota ilikuwa ikiitengeneza tangu 1955. Ilikuwa na ndugu zake wengine, Chaser na Cresta, wenye chesisi moja na sura tofauti. Kwa bei ya mnadani Japani mtu alipata silinda sita, viti vya kitambaa laini, vioo vya umeme na kiyoyozi. Mafundi wa Kariakoo na Mbagala hawakuyaita magari hayo kwa miaka. Waliyaita kwa namba ya chesisi: GX81 iliyotoka 1988, GX90 ya 1992, GX100 ya 1996, GX110 ya 2000. Mnunuzi aliyekwenda yadi akasema anataka "ya mwaka 98" alijibiwa kwa swali: GX ngapi?

Mafundi walikuwa na haki. Herufi zile zinabeba habari nyingi kuliko mwaka. G inamaanisha injini ya 1G, yenye ujazo wa sisi 1988. JZ inamaanisha injini ya 1JZ, ya sisi 2491, au 2JZ iliyo kubwa zaidi. Na hata ndani ya toleo moja mwaka una uzito wake. GX100 iliyotengenezwa kabla ya nusu ya pili ya 1998 ina 1G ya zamani. Iliyofuata ina 1G yenye VVT-i, na nguvu zake zilipanda kutoka farasi 140 hadi 160. Magari mawili yenye sura moja, bei inayokaribiana, mioyo tofauti. Hakuna mnunuzi anayepaswa kulipa kabla ya kuinua boneti na kujua yuko upande gani.

Tarehe 2 Agosti 2003 Rais Benjamin Mkapa alifungua daraja la Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na daraja likapewa jina lake. Foleni za Ndundu zikaisha. Kutoka Mbagala hadi Kibiti, kisha Ikwiriri, kisha daraja, saluni ya chini ikaweza kwenda na kurudi bila kuuliza habari za mto. Kipande kigumu cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilichelewa zaidi ya miaka kumi kabla ya kukamilika kwa lami. Utete yenyewe iliendelea kusubiri lami yake.

Ni sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa: Desemba ya mwaka ule ule wa daraja, Toyota ilitoa Crown mpya iliyobadilisha karibu kila kitu. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja iliachwa, ikaja V6 ya aina ya GR. Novemba 2004 Mark II nayo ikafa, nafasi yake ikachukuliwa na Mark X, yenye V6 hiyo hiyo. Magari hayo yalipoanza kufika Tanzania kwa wingi miaka kadhaa baadaye, yalikuta barabara iliyokuwa imeyangojea. Crown Athlete na Mark X zikawa ndoto ya kijana aliyepata ajira serikalini na ya mfanyabiashara aliyeuza vizuri.

Yalikuta pia mafuta ambayo hayakuyangojea.

Habari hii ilianza kabla ya magari hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota ilileta injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ikaziandika D4. Ziliwekwa kwenye Nadia, kwenye Vista, na baadaye kwenye magari ya kifahari: Progrès, Brevis, na Mark II ya JZX110 yenye 1JZ-FSE. Ili petroli ipulizwe namna hiyo inahitajika pampu ya shinikizo kubwa sana na nozeli zenye matundu madogo mno. Japani hilo halikuwa tatizo. Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa na watu wanaochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Uchakachuaji huo ulishamiri kiasi kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke.

Wamiliki wa D4 ndio walioumia. Pampu zilikufa, gari likazima katikati ya safari, na spea yake ilipopatikana ilikuwa na bei ya kutisha. Brevis, gari zuri kabisa kwa ndani, lilipata sifa mbaya mpaka leo. Vijijini Rufiji, ambako petroli mara nyingi huuzwa kwa chupa na madumu kandokando ya barabara kwa ajili ya bodaboda, injini ya namna hiyo ni hatari maradufu. Mark X na Crown za V6 nazo hupulizia moja kwa moja. Ni imara kuliko ndugu zao wa kwanza, na zina cheni badala ya mkanda wa taimingi, jambo ambalo ni nafuu kubwa. Lakini 4GR, ile ya sisi 2499, hujenga masizi kwenye njia za hewa, na pampu yake ya maji inajulikana kwa kuvuja. Fundi anayeijua vizuri yuko Dar es Salaam.

Serikali nayo iliingia katika uchaguzi wa mwaka kupitia forodha. Gari kuukuu linaloingia nchini hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Mwanzoni mstari ulikuwa miaka kumi; katikati ya miaka ya 2010 ukasogezwa hadi minane. Utaratibu uliozoeleka tangu hapo ni asilimia 15 kwa saluni yenye miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa iliyozidi kumi. Ushuru wa bidhaa nao unatazama ujazo wa injini: asilimia 5 kwa sisi 1001 hadi 2000, asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo 1G ilipita chini ya mstari kwa sisi 12 tu, na ndiyo sababu moja GX zilijaa mitaani kuliko JZX. Majirani waliweka kuta ngumu zaidi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi 15.

Katika mpaka huo wa umri wa gari wengi wameumizwa na miezi michache. Nyaraka za Japani huonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza, si lilipotengenezwa. Gari linaweza kutoka kiwandani Novemba, likauzwa Februari. TRA, mamlaka ya mapato, hutazama mwaka wa kutengenezwa, na mwaka mmoja ukizidi, mnunuzi anadaiwa mamilioni ambayo hakuyapangia. Njia ya kujihakikishia ni rahisi na haihitaji fundi. Vuta mkanda wa kiti cha mbele mpaka mwisho. Karibu na unapoanzia, chini kabisa, kuna kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa, chenye maandishi madogo na tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Kioo cha mlangoni nacho kina alama zake. Mkanda na kioo vikionyesha 2011 na muuzaji akasema 2013, kuna jambo la kuuliza.

Gari likishasajiliwa Tanzania, mwaka wa kiwandani husahaulika, na herufi za namba ya usajili huchukua nafasi yake. Tangazo la dalali linajulikana kwa kichwa: namba D, haijapigwa rangi, injini haijafunguliwa, bei inazungumzika. Gari la namba E linauzwa ghali kuliko la namba C hata kama yote yalitoka kiwandani mwaka mmoja. Hili ni kosa linalowagharimu watu wa mikoani kuliko wa mjini, maana namba inaeleza tu gari limekaa Tanzania muda gani. Mark X ya 2006 iliyosajiliwa juzi bado ni Mark X ya 2006, imekula miaka yake Osaka badala ya Mbagala. Kipimo cha namba kina faida moja: gari lililokaa nchini kwa muda mfupi limekula vumbi kidogo na mafuta machafu kidogo.

Kwa Rufiji kuna kipimo kingine ambacho orodha za madalali hazikiweki. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Wiki chache baadaye kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga. Gari lililowahi kuzama huoshwa, hupuliziwa manukato, huuzwa. Anayenunua gari lililokuwa likitumika huku ainue zulia la buti, atoe tairi la akiba, apitishe kidole kwenye mikunjo ya bati. Tope la Rufiji ni laini na halitoki lote.

Basi ni mwaka gani? Kwa anayeishi Dar na kuja Utete sikukuu, Mark X ya toleo la pili, lililoanza Oktoba 2009, ni chaguo zuri akiwa na fundi wake na akijaza mafuta kituoni. Kwa anayeishi Utete, Mkongo au Mloka, anayepita changarawe kila siku na gari lenye nafasi ya kama sentimita 15 tu chini yake, GX110 yenye 1G, ya 2000 hadi 2004, iliyotunzwa na mtu mmoja na kubadilishiwa mkanda kila kilomita 100,000, ni bora kuliko Mark X ya 2005 na ni bora mara nyingi kuliko Brevis ya mwaka wowote. Kila gereji ya Kibiti inaijua, na spea zake zimejaa Kariakoo.

Na anayeng'ang'ania Mark X kutoka Japani afanye haraka. Ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2019. Kwa utaratibu huo wa miaka minane, ifikapo 2028 haitakuwepo hata moja itakayoshuka bandarini bila ushuru wa uchakavu.