Baiski ya Kwanza na Doh ni Kidogo? Hivi Ndivyo Utachagua Hadteli Bila Kuchezwa

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Baiski yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, springi mbele na nyuma, diski kwa kila gurudumu, na maandishi makubwa ya kutisha kwa fremu. Niliitoa 14,000, pesa yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeacha chuo, nimepata kibarua Changamwe, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikinyonga kutoka Makupa kila asubuhi, nauli inabaki mfukoni.

Wiki ya tatu, ekseli ya nyuma ikapinda. Nikaisukuma kuvuka daraja lote la Makupa, trela zinanipita kwa kasi, upepo wa Kibarani unanipiga usoni. Nilipoifikisha kwa fundi, mzee aliinua gurudumu, akalizungusha mara moja tu, akanicheki.

"Mwanangu, hapa umenunua rangi. Baiskeli hujanunua bado."

Na sikuwa na hata soo moja ya kumlipa. Mwezi mzima nikarudi kwa matatu, nalipa ile nauli niliyodhani nimeiokoa. Hii ndiyo sababu naandika hii guide. Kama una doh ya kununua mara moja tu, huna nafasi ya kukosea.

Hadteli ni nini?

Ni mauntini yenye springi mbele tu. Nyuma fremu ni ngumu, haichezi. Ile yenye springi kote wasee wengi wanaipenda kwa macho, lakini kwa bei ya chini ni mtego. Springi ya nyuma ina viungo vyake, beringi zake na uzito wake. Kama bei ni ndogo na vitu ni vingi, jua kuna mahali wamebana, na mara nyingi ni magurudumu, gia na breki. Yaani vile vitu unavyotegemea kila siku.

Hadteli ina vitu vichache vya kuharibika. Kwa pesa ile ile unapata fremu nzuri zaidi na gurudumu imara zaidi. Period.

Jiulize kwanza: utanyonga wapi?

Kisiwa cha Mombasa ni tambarare. Ukitoka Makupa kwenda Mwembe Tayari, Fort Jesus ama Mama Ngina, mlima hakuna. Kinachokusumbua ni mashimo, matuta, changarawe pembeni ya lami, na maji yanayoficha shimo wakati wa mvua. Kwa safari hizo tairi nene tu linakutosha. Ukipata mauntini nzuri isiyo na springi hata mbele, usiidharau. Marekani, kule Marin, California, wasee walioanzisha huu mchezo miaka ya 1970 walitumia baiskeli nzito za zamani, springi zero, na wakashuka nazo milima.

Lakini kama wikendi unataka kwenda vumbini, labda njia za ndani za Kwale kuelekea Shimba Hills, springi ya mbele itakuokoa mikono. Huko kuna kupanda na kushuka kwa ukweli, na ndipo gia nyepesi na breki za maana zinaanza kuhesabika.

Gawanya doh kabla hujatoka nyumbani

Hii ndiyo sheria ningetaka mtu aniambie mapema: usimpe muuzaji pesa yote.

Robo tatu iende kwa baiski. Robo iliyobaki igawe mara mbili: nusu ya fundi na spea, nusu ya kufuli, helmeti na taa. Tuseme una thao 16. Baiski isipite 12,000. Weka 2,000 ya fundi na 2,000 ya usalama wako. Ukiwa na thao 8, mahesabu ni yale yale: 6,000, 1,000, 1,000.

Baiski yoyote ya mtumba itahitaji kitu siku ya kwanza. Kebo, raba za breki, tyubu, grisi. Ukifika nyumbani mfuko ukiwa mtupu, umenunua pambo la ukutani.

Mpya ama mtumba?

Kwa bajeti ndogo, mtumba wa brand inayojulikana mara nyingi unashinda mpya ya bei rahisi. Mitumba inayoingia na makontena kutoka Ulaya na Japani hupitia hapa hapa bandari ya Kilindini, kwa hivyo sisi wa Mombasa tuko karibu na mzigo. Shida ya mtumba ni moja: hujui ililala wapi na ilifanywa nini. Ndio maana lazima uikague wewe mwenyewe, mchana, si usiku kwa mwanga wa simu.

Mpya ina faida yake: haina historia. Lakini usinunue kwa sababu ya stika. Jina kubwa kwa stika mtu yeyote anaweza kuliprint. Jina la ukweli kwa parti za gia na breki kawaida limechongwa ama kupigwa muhuri kwa chuma chenyewe.

Fremu na saizi

Fremu ndiyo kitu ambacho hutabadilisha, kwa hivyo anzia hapo. Simama ukiwa umeipitisha katikati ya miguu, nyayo zote chini. Kati yako na bomba la juu kubaki nafasi ya kama sentimita 5. Ikikugusa, ni kubwa, achana nayo hata kama ni tamu vipi. Siku utakayoruka ghafla utanikumbuka.

Halafu kaa. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Kama kufika hapo lazima uvute kiti hadi upite ule mstari wa mwisho uliochorwa kwa bomba lake, fremu ni ndogo kwako.

Alumini ni nyepesi na haili kutu kama chuma, lakini ikichoka hupasuka. Pitisha kidole kwa maungio, hasa pale shingo inapokutana na mabomba mawili ya mbele. Mstari mwembamba kama unywele chini ya rangi ni ufa. Ondoka. Fremu ya chuma ni nzito kidogo ila fundi anaweza kuichomea. Adui yake hapa pwani ni chumvi.

Gurudumu

Cheki namba kwa ubavu wa tairi. Utaona 26, 27.5 au 29. Mitumba mingi ya zamani ni 26, na kwa fundi wa mtaa hilo ndilo tairi rahisi kulipata. 29 linapita juu ya shimo vizuri zaidi, lakini kabla hulipendi, pitia kwa fundi wako umuulize kama ana tyubu yake. Baiski ambayo tyubu yake lazima uitafute nusu siku haifai mtu wa kazi.

Zungusha gurudumu ukiangalia rimu pale kwa breki. Ikiyumba kidogo, fundi ataikaza spoki. Ikiruka kama chapati iliyokunjwa, toa hiyo pesa kwa bei ama uache.

Gia: hesabu za nyuma

Namba kubwa ya gia isikudanganye. "Gia 21" ni 3 za mbele mara 7 za nyuma, basi. Ukiona 6 au 7 nyuma, mara nyingi ni friwili, ile inayofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Beringi yake ya upande wa cheni inakaa ndani sana, kwa hivyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa. Shimo moja, mzigo mzito, kwisha. Hiyo ndiyo ilinisukumisha baiski darajani.

Kuanzia 8 nyuma, mara nyingi ni kaseti, na beringi inakaa karibu na fremu. Kama una uzito ama unabeba mzigo, tafuta hiyo.

Kwa Shimano, ngazi za chini kwenda juu zinaenda hivi: Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore. Altus ama Acera inamtosha mtu wa kwanza kabisa.

Foki ya mbele

Foki ni ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, na kwa hadteli ndimo springi ilipo. Shika breki ya mbele, egemea hendobari kwa nguvu. Inafaa ishuke na irudi pole pole, bila kugonga. Halafu isukume mbele na nyuma. Ikicheza kwa maungio, imechoka.

Cheki mabomba ya ndani yanayoteleza. Yakiwa na kutu, ile kutu inakula mpira wa ndani kila unaposhuka. Hesabu hiyo foki kama imekufa na upunguze bei. Ukija kuibadilisha, jua kipimo cha shingo. Nyingi za zamani ni inchi 1 1/8.

Breki

Diski ya bei rahisi haishindi V-breki nzuri. V-breki ni ile inayobana rimu kwa raba mbili. Raba zake unazipata kirahisi na kuzibadilisha ni spana moja. Ubaya wake, inakula rimu. Ukipitisha kidole na ukuta wa rimu umeingia ndani kama bakuli, rimu imekwisha.

Diski ya kebo ni sawa kama disiki haijapinda. Diski ya oili ni tamu, lakini kila kampuni na oili yake: Shimano inatumia oili ya madini, nyingine zinatumia DOT, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani. Kama fundi wako hajawahi kuigusa, iache.

Dakika 10 za kukagua

1. Vuta kiti juu. Kikikwama, ondoka ama shusha bei sana. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma, ukiongeza chumvi ya pwani, hushikana kama limechomewa.
2. Pima cheni kwa futi. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 inafaa kuwa sentimita 30.5. Ikifika 30.8 imevutika, na huenda imekula meno ya gia pia.
3. Shika mkono wa pedali, usukume ndani na nje. Ukicheza, beringi za katikati zimeenda.
4. Inua mbele, geuza hendobari. Ikikwaruza ama kukwama katikati, beringi za shingo zimeenda.
5. Badilisha gia zote ukiwa juu yake, unanyonga. Si ikiwa imesimama.
6. Funga breki moja moja ukiwa kwa mwendo.

Muuzaji akikataa usipande, jibu umeshapata.

Usinunue kesi

Hapa ndipo wasee wengi wanaangukia. Mtu anakupigia simu usiku, ana hadteli safi, anataka nusu bei na anataka haraka. Kenya, kifungu cha 322 cha Penal Code kinasema kushika mali ya wizi ukijua ama ukiwa na sababu ya kujua kunaweza kukupa hadi miaka 14 ndani. Bei ya kushangaza ni sababu tosha ya kujiuliza.

Pindua baiski. Namba ya fremu kawaida imepigwa chini, pale pedali zinapoungana. Ikiwa imesagwa kwa makusudi, usiiguse. Ikiwepo, iandike kwa karatasi ya mauziano pamoja na jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, mtie sahihi wote, na upige picha. Hiyo picha ndiyo itakusaidia hata siku wewe ndiye utaibiwa.

Ukishainunua

Chumvi ya Mombasa hailali. Usiiache nje usiku. Ikinyeshewa, ipanguse. Cheni ipake oili kidogo kila wiki, halafu upanguse iliyobaki juu, la sivyo inabeba mchanga na kusaga meno. Kila miezi mitatu toa bomba la kiti, lipake grisi, lirudishe.

Na kuvuka daraja, taa nyuma, helmeti kichwani. Dereva wa trela akiwa juu kule, wewe huku chini hakuoni hivi hivi.

Mwisho wa siku

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, alifundishwa na David Kinjah huko Kikuyu akiwa bado kijana, kabla hajashinda Tour de France mara 4. Sio lazima ufike huko. Mimi nilitaka tu kufika Changamwe saa moja asubuhi bila kukopa nauli.

Sasa nina hadteli ya 26, kijivu, mtumba, rangi imechubuka upande mmoja. Fundi ni yule yule mzee. Nilipoipeleka mara ya kwanza aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akasikiliza. Hakusema kitu. Akaniambia nilete grisi.