Baraza ya Mji

Nyumba ya zamani ya Mswahili haikukosa baraza. Hapo nje, kati ya mlango na njia, palijengwa kikao cha mawe ambapo mwenyeji aliketi jioni, jirani akapumzika, na mpita njia akakaribishwa hata kama jina lake halikujulikana. Baraza si chumba cha kulala, wala si njia ya kupita. Walakini ukiiondoa, watu wa nyumba hukutana na watu wa nje mlangoni tu, kila mmoja akiwa na haraka yake.

Mji nao ni nyumba kubwa, na wahitaji baraza. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, habari za mji mmoja ulioacha motakaa zikalie mahali palipofaa kuwa baraza yake, kisha ukazindukana na kupakomboa. Mji wenyewe ni Portland, katika jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani. Ni mbali sana na Kenya. Lakini miji yetu nayo yakua, motakaa zaongezeka kila mwaka, na kiwanja kilicho wazi katikati ya mji ni kitu kinachotamaniwa na wengi. Heri kujifunza kwa safari ya mwingine kabla hatujafika njia panda sisi wenyewe.

Tuanze mwanzo. Kabla ya wageni kutoka mashariki kufika, kando ya mto Willamette waliishi watu wa jamii za Wachinook, waliokuwa wavuvi na wafanya biashara hodari. Katika miaka ya 1830 maradhi ya homa yaliwaua wengi mno, na wageni walipokuja kujenga walikuta nchi iliyopungukiwa na wenyewe. Jambo hili lisisahauliwe, maana kila kiwanja kina historia iliyotangulia hati ya kwanza ya kukimiliki. Mji ulipata jina lake katika mwaka wa 1845 kwa kurushwa sarafu. Mmoja wa waasisi wawili alitaka uitwe Boston, mwenziwe akataka Portland, na sarafu ikampendelea huyo mwenziwe.

Kiwanja tunachokizungumzia kiko katikati ya mji, na kila upande wake una urefu wa futi 200. Katika mwaka wa 1858 ilijengwa hapo shule ya watoto wa mji. Baadaye shule ikahamishwa ili kupisha hoteli kubwa, ambayo ilifunguliwa mwaka 1890 ikiwa na vyumba zaidi ya 300. Ilikuwa fahari ya mji. Matajiri na wakuu wa serikali walipokelewa hapo, na watu Weusi wengi waliletwa kutoka majimbo ya kusini kuwa watumishi. Baadhi yao wakafanya maskani Portland na kuwa miongoni mwa nguzo za jamii yao huko. Hivyo kiwanja kile kimoja kilikuwa kimekwisha kuwa mahali pa elimu na mahali pa ukarimu.

Kisha ikaja zama ya motakaa. Watu walihamia vitongoji vya mbali, na wenye maduka ya katikati ya mji wakaogopa kwamba mnunuzi asipopata pa kuweka gari lake atakwenda kununua kwingine. Duka kubwa la Meier & Frank, lililokuwa jirani ya hoteli, lilikuwa limekwisha kukimiliki kiwanja hicho. Mwaka 1951 hoteli ikavunjwa, na mahali pake pakajengwa maegesho ya ghorofa mbili. Usiwe mwepesi wa kuwalaumu watu wa wakati ule. Motakaa ilikuwa alama ya maendeleo, na aliyeipatia nafasi alijiona anaitengenezea kesho njia.

Lakini hebu chukua kalamu upige hesabu waliyochelewa kuipiga. Futi 200 mara futi 200 ni futi za mraba 40,000. Motakaa moja, pamoja na njia yake ya kuingilia na kutokea, huhitaji futi za mraba zipatazo 300. Basi ghorofa moja ya kiwanja kile haiwezi kupokea motakaa zaidi ya 133 hivi kwa wakati mmoja. Hata kila motakaa ikileta watu wawili, hao ni watu 266, nao hawakai hapo. Hushuka wakaenda zao. Ardhi ya thamani kupita zote mjini ilikuwa imepewa vyombo visivyokuwa na mtu ndani. Mamia ya wengine, waliokuja kwa basi au kwa miguu, hawakuwa na hata ukingo wa kuketi.

Katika mwaka wa 1969 mwenye kiwanja alitaka kuongeza: palipo na ghorofa mbili pajengwe jumba refu la motakaa mamia. Hapo ndipo mji ulipozindukana. Wananchi walinung'unika, na mwaka 1970 tume ya mipango ya mji ikalikataa ombi hilo. Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1972, mji ulikubali mpango mpya wa sehemu yake ya kati, na ndani ya mpango huo kiwanja kile kilitajwa kuwa kinafaa kuwa uwanja wa watu wote.

Kukataa peke yake hakutoshi. Mtu aliyenyimwa mahali pa kuweka gari lake atauliza, na ana haki ya kuuliza, atafikaje mjini. Portland ilijibu kwa vitendo. Mwaka 1974 ilifunga barabara kubwa iliyopita kando ya mto, na mahali pake pakafanywa bustani. Mwaka 1975 iliweka kikomo cha nafasi za motakaa katikati ya mji, na mwaka huo huo ikaruhusu watu kupanda basi bila nauli katika sehemu hiyo, desturi iliyodumu kwa mabasi hadi mwaka 2010. Hapo motakaa ikaacha kuwa lazima kwa kila mtu.

Mwaka 1979 mji ulikinunua kiwanja. Mwaka uliofuata yakafanywa mashindano ya kuchora ramani ya uwanja, na michoro 162 ikaletwa. Miongoni mwa walioingia mwisho walikuwamo wachoraji wenye sifa kubwa, lakini ushindi ulikwenda kwa kundi la Will Martin, mtu wa Portland yenyewe. Katika kundi lake, pamoja na wajuzi wa ujenzi na bustani, alikuwamo mchonga sanamu na mwandishi wa historia. Zingatia hilo. Watu hawa walifahamu kwamba uwanja wa watu hautengenezwi kwa rula na saruji tu. Sharti ukumbuke yaliyopita juu yake.

Ungedhani kwamba baada ya ushindi kazi ilibaki kuwa ya waashi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1980 mji ulipata meya mpya, Frank Ivancie, ambaye hakuupenda mchoro ule. Yeye na baadhi ya wafanya biashara wakubwa walihofia kwamba uwanja ulio wazi utajaa watu wasio na kazi wala makao. Walitamani mahali palipofunikwa, panapoweza kufungwa na kulindwa. Hofu yao haikuwa ya upuuzi, kwani uwanja usiotunzwa huweza kweli kuharibika. Lakini chini ya hofu hiyo palikuwa na swali zito kuliko lile la motakaa: je, katikati ya mji ni mali ya nani? Ni ya mwenye fedha ya kununua kitu, au hata ya yule ambaye hana ila miguu iliyochoka?

Fedha zilipungua, na kazi ikaelekea kukwama. Ndipo wananchi waliopenda mchoro ule wakaunda chama cha marafiki wa uwanja, wakabuni njia iliyo nyepesi kuelewa. Uwanja ulihitaji kutandikwa matofali. Basi kila mtu aliyetoa dola 15 alipata tofali moja, likachongwa jina lake au jina la ampendaye, nalo likawekwa chini miongoni mwa mengine. Watu wakaja. Mzazi alinunua kwa ajili ya mtoto wake, mjukuu kwa ajili ya marehemu babu yake. Yaliuzwa matofali kama 50,000, na zikapatikana dola kama 750,000. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kilikuwa na faida mbili. Kilileta fedha, kisha kikaleta wenye uwanja. Baada ya maelfu ya watu kukanyaga uwanjani wakitafuta majina yao, nani angethubutu kusema kwamba mahali pale hapana mwenyewe?

Uwanja ulifunguliwa tarehe 6 Aprili 1984, ukaitwa Pioneer Courthouse Square. Ukifika huko utaona ngazi pana zilizopinda, ambazo ni njia ya kushukia na vilevile viti vya watu wengi. Utaona maji yanayoporomoka, nguzo zilizosimama safu, na kipande cha lango la chuma la hoteli ile ya zamani, kilichohifadhiwa ili kisimulie habari za nyumba iliyovunjwa. Tangu mwaka 1986 reli ya mji imekuwa ikipita ubavuni mwake. Huchezwa ngoma na muziki hapo, huuzwa maua, hufanywa mikutano ya kuunga mkono na ya kupinga, na siku isiyo na jambo watu huketi tu wakala chakula chao cha mchana. Watu wa Portland huuita sebule ya mji wao. Sisi tungeuita baraza, maana sebule ina mlango na uwanja huu hauna.

Nisikudanganye kwamba uwanja uliponya kila donda. Portland ingali na watu wengi wasio na makao, na ngazi nzuri haziwezi kuwa nyumba ya mtu. Tena uwanja una gharama ya kila siku: kufagia, kutengeneza yaliyovunjika, kulinda amani bila kumfukuza mnyonge. Baraza ikikosa mwenye kuifagia hugeuka jaa. Faida yake ni kwamba shida za mji huonekana na watu wote mahali pamoja, na shida inayoonekana huweza kuzungumzwa.

Sasa turudi kwetu. Katikati ya Nairobi iko bustani iliyotolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara aliyezaliwa Karachi na kupata utajiri katika kazi za reli ya kwenda Uganda. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kujenga maduka na maegesho ya motakaa ya ghorofa nyingi mahali pa bustani hiyo. Angalia jinsi mambo yalivyopindana: Portland ilikuwa imekwisha kuyageuza maegesho yake kuwa uwanja, na Nairobi ilitaka kuugeuza uwanja wake kuwa maegesho. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama kuupinga mpango huo, na wananchi wengine wakasimama pamoja naye. Mpango ukaanguka. Hata leo, adhuhuri ya siku ya kazi, utakuta watu katika Bustani ya Jeevanjee: huyu amelala kivulini, yule anahubiri, na wale wengine wanajadiliana siasa kana kwamba wamechaguliwa.

Pima sasa, msomaji, tofauti ya kazi hizi mbili. Nairobi ililinda mwaka 1991 kitu ilichokuwa nacho, kwa ujasiri wa watu wachache. Portland ilikosea mwaka 1951, na ilihitaji miaka 33, mashindano, mabishano na fedha nyingi ili kupata uwanja katika mahali pale pale. Kiwanja kikishajengwa, kila mwaka unaopita humpa mwenye jengo hoja mpya ya kutoliondoa. Lakini kosa la Portland lafundisha vilevile kwamba lililojengwa na watu halikuumbwa pamoja na milima. Laweza kubadilishwa, endapo watu watakubali kulipia badiliko hilo, hata tofali moja moja.

Huenda katika mji wako kuna kiwanja ambacho jana kilikuwa uwanja wa mpira na leo kimewekewa mabati kukizunguka, au mahali ambapo motakaa zimelala tangu asubuhi ilhali wazee wamesimama juani wakingoja gari. Kabla ya kupapita tena, simama. Hesabu motakaa, kisha hesabu watu. Uliza mahali hapo palikuwa nini zamani, nani alipatoa, na ni uamuzi wa baraza gani uliopageuza. Mengi ya majibu hayo yameandikwa katika kumbukumbu za mji, na kijana yeyote anayejua kusoma aweza kuomba kuonyeshwa.