Mashahidi wa Historia

Leo tujifunze kutafuta mashahidi wa historia.

Mwaka 1951 Serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Je, habari hizo utazipata wapi? Ukisoma barua za maofisa peke yake, utasikia upande mmoja tu. Lakini Wameru nao walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuyaeleza kwa kinywa chake. Maneno hayo yamo katika kumbukumbu za Umoja huo. Kisha waulize wazee wa Meru waliyoyaona au kusimuliwa. Linganisha yote matatu.

Nawe andika yako, kwani asiyeandika huandikwa na wengine.