Uzito wa Sauti: Valvu, Transista na Gitaa la Bara

Tangu tarehe 10 Desemba 2009 hadi mwezi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme. Njia ya umeme itokayo bara, iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980, iliharibika, na kwa muda wa miezi mitatu mji ulikuwa wa mishumaa, vibatari na ngurumo za jenereta. Udi, ganuni na fidla hazikunyamaza, kwani hazijawahi kumwomba mtu waya. Lakini kinanda cha umeme, gitaa na vipaza sauti vilikuwa mateka wa mafuta. Tamasha la Sauti za Busara la Februari 2010 lilifanyika katikati ya giza hilo hilo, kwa jenereta. Kwetu sisi wa visiwani hali ile ilikuwa msiba uliohesabiwa siku baada ya siku. Kwa mtu wa Ulemo isingekuwa habari hata ya kumpa mgeni.

Ulemo ni kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyiramba. Atokaye Unguja huvuka bahari, kisha hushika njia ya Morogoro na Dodoma, na akishafika Singida mjini, kiasi cha kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, huwa bado hajafika. Lami ya kutoka Dodoma hadi Singida haikukamilika mpaka karne hii. Naitaja kata hii kwa sababu historia ya gitaa la umeme katika nchi yetu huandikwa kwa kuzitazama Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, tena kwa majina ya wapigaji na waimbaji tu. Kifaa kinachoipokea sauti ya gitaa na kuikuza hakitajwi, kana kwamba sauti hujikuza yenyewe. Ukikitazama kifaa hicho kutoka Ulemo utaona jambo ambalo halionekani mjini: mwanamuziki wa bara alipopata nafasi ya kuchagua, aliiacha valvu akaichukua transista, na hakuichukua kwa umaskini peke yake. Aliichukua pia kwa sikio.

Kwanza tuijue valvu. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake mna waya unaopashwa moto hadi uwake. Mwingereza Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Mmarekani de Forest akaiongezea kiungo cha tatu mwaka 1906, na hapo ndipo ilipoweza kukuza sauti. Kwa muda wa miaka arobaini na ushei hapakuwa na njia nyingine iliyoizidi, iwe kwa redio, simu au sinema. Ila valvu ina gharama zake. Yataka moto kabla haijafanya kazi. Yataka nguvu ya umeme ya volti mia tatu, mia nne, na kuzipata volti hizo pawe na transfoma nzito ya chuma na shaba. Kisha pawe na transfoma ya pili ya kuipeleka sauti kwenye spika. Ongeza spika zenyewe zenye sumaku kubwa, na sanduku la mbao la kuzibeba, nawe utapata mzigo kama wa Vox AC30, amplifaya mashuhuri ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa karibu na mwaka 1960: kilo 30 na zaidi. Huo ni uzito wa karibu theluthi ya gunia la mahindi, lakini gunia la mahindi laweza kutupwa kutoka juu ya lori. Chupa za kioo haziwezi.

Mtu asidhani kwamba valvu haikujaribiwa mahali pasipo na umeme. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, zilianza kuuzwa redio ndogo za valvu zilizoitwa Saucepan Special kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria. Zilitumia betri kavu, na watu wa vijijini walizinunua kwa wingi. Kwa hiyo kusikiliza kuliwezekana, kwa kuwa sikio la watu wa nyumba moja hutosheka na sauti ndogo. Kukuza gitaa hadi uwanja mzima ucheze ni hesabu nyingine, na betri kavu haikuimudu.

Ndiyo maana dansi ilikuwa, kwa miaka mingi, jambo la mji wenye umeme au la taasisi yenye gari na jenereta. Bendi za awali, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, zilipiga ala zisizohitaji umeme. Gitaa la umeme liliingia polepole katika miaka ya 1950 na 1960, likisukumwa na mfano wa Wakongo, na pamoja nalo likaingia neno ambalo kila mwanamuziki wa Tanzania alilijua kwa furaha au kwa uchungu: vyombo. Nani mwenye vyombo? NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilipiga vyombo vya chama cha wafanyakazi. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Vyombo vilihitaji fedha za kigeni na kibali, na mtu binafsi aliyeweza kupata vyote viwili alikuwa nadra. Mpigaji aliyegombana na uongozi aliondoka na vidole vyake tu, kwani gitaa lilibaki, na amplifaya ilibaki. Tumezoea kusimulia kuhama kwa wanamuziki kutoka bendi hadi bendi kama visa vya husuda na wivu, na husuda haikukosekana. Lakini nyuma ya visa vingi palikuwa na sanduku zito ambalo mtu mmoja hakuweza kulinunua wala kulibeba.

Transista ilizaliwa Marekani, katika maabara ya Bell, Desemba 1947, nayo ikawapatia Bardeen, Brattain na Shockley tuzo ya Nobel mwaka 1956. Ni kipande cha madini kisichozidi ukucha, hakina kioo, hakina waya wa kuwaka, na hutosheka na volti chache. Redio ya kwanza ya transista iliuzwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata Wajapani nao wakatoa yao. Huku kwetu redio ya transista ndiyo iliyomfikisha mtangazaji hadi machungani. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilirekodi bendi na kuzirusha, na kijana wa Iramba aliweza kumsikia Mbaraka Mwinshehe bila kuwahi kuiona Morogoro. Basi transista ilileta kwanza hamu, na baadaye ikaleta chombo cha kuitimizia hamu hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Amplifaya ya valvu haiwezi kuendeshwa moja kwa moja na betri ya gari. Ya transista yaweza, kwa kuwa betri ya gari ni volti 12 na volti 12 zinaitosha amplifaya ndogo. Betri yaweza kubebwa kwa baiskeli hadi mahali penye mashine ya kuchajia, ikarudi jioni. Redio kaseti mbovu yaweza kufunguliwa na fundi, ikaunganishwa waya, ikawa amplifaya ya gitaa. Kuna transista moja, namba yake 2N3055, iliyotokea katika miaka ya 1960, ambayo mafundi wa redio duniani kote waliifahamu kuliko walivyowafahamu mawaziri wao. Ikiungua ilitolewa, ikatiwa nyingine iliyong'olewa katika chombo kilichokufa. Valvu ikifa, fundi wa Kiomboi angeing'oa wapi nyingine?

Naona msomaji mpenda muziki akitikisa kichwa. Atasema: lakini sauti! Wapigaji wa Ulaya na Marekani hadi leo huiapia valvu. Hudai kwamba ina sauti ya joto, na kwamba transista ni baridi na kavu. Dai hilo lina ukweli wa kiufundi. Valvu ikizidiwa hukata mawimbi ya sauti kwa ulaini, na sauti huanza kukwaruza kwa namna inayopendeza. Juu ya mkwaruzo huo wamejenga muziki mzima wa roki, na Jimi Hendrix aliufanya kuwa lugha. Transista ikizidiwa hukata ghafla kama mkasi, na mkwaruzo wake huumiza masikio.

Mimi ni mtafsiri, na kazi hiyo imenifunza kulitilia shaka neno linalovuka bahari bila kukaguliwa. Sauti ya joto! Kwa nchi ya theluji joto ni sifa, lakini Mswahili wa Pwani hajapata kumsifu mwimbaji kwa joto. Sisi twasema sauti nyororo, sauti tamu, sauti ya zumari. Hata neno letu lenyewe la starehe ya muziki, burudani, latokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa baridi. Kuburudika ni kupoa. Anayetaka kutufundisha kwamba baridi ni aibu ya sauti na aanze kwanza kulibadilisha neno hilo.

Sifanyi mzaha wa maneno tu. Sikiliza gitaa la dansi ya Tanzania lilivyopangwa: la solo juu, la pili likilijibu, la rizimu likishona katikati, na besi likitembea chini. Magitaa matatu au manne huongea kwa wakati mmoja, na raha yote imo katika kila moja kusikika peke yake, kama vina vya kati na vya mwisho katika ubeti. Ukiyatia mkwaruzo yanakuwa uji. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Osaka na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, alizipiga noti zake zikiwa safi kama shanga. Wakongo katika sebene vivyo hivyo. Muziki huu hautaki chombo kinachoungua vizuri kikizidiwa. Wataka chombo kinachobaki safi mpaka mwisho wa nguvu zake, na hiyo ndiyo kazi transista iifanyayo bora. Wajapani wa Roland walipotoa Jazz Chorus yao mwaka 1975, amplifaya ya transista tupu, wapigaji wa dunia walioipenda waliipendea usafi huo huo. (Haki isemwe: nayo ni nzito, karibu kilo 28, maana ina spika mbili kubwa. Wepesi wa transista ni nafasi iliyofunguliwa, na si kila mtengenezaji aliitumia.)

Sisi wa Pwani tuna ushahidi wetu wenyewe. Black Star na Lucky Star za Tanga zilipoingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, walalamishi walidhani utenzi utazama. Haukuzama. Shakila alisikika neno kwa neno, kwa kuwa gitaa lilichezwa safi na kwa adabu, likisubiri kituo chake. Hasara ya maneno ilikuja baadaye, pale sauti zilipopandishwa kupita kiasi, na hapo lawama ni ya mkono uliopandisha.

Turudi Iramba. Huko gitaa la umeme halikukaa ukumbini; lilikaa kanisani. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walifika Iramba katika miaka ya 1920, wakaacha Kiomboi, Iambi, Kinampanda na Ruruma desturi ya kuimba kwa sauti nne. Kwaya za bara zilipoanza kutumia magitaa, na hasa kaseti zao zilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, kila usharika ulitaka chake. Tuchukue basi kwaya ya vijana wa Ulemo inayoalikwa kuimba usharika wa jirani. Watakwenda kwa miguu, kwa baiskeli, au juu ya lori la alizeti. Wana betri moja ya gari, gitaa mbili, kipaza sauti kimoja. Wapewe Vox ya mwaka 1960, fahari ya makumbusho, nayo itakuwa meza. Wapewe sanduku la transista la kilo 5, wataimba kabla ya saa nne asubuhi, na kila mwanakwaya atasikia aya yake.

Kuna ila, nazo zisifichwe. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, na transista huuawa na mpando mmoja ambao valvu ingeuvumilia. Sanduku dogo likilazimishwa kuujaza uwanja hupiga kelele mbaya ajabu, na kwaya nyingi hulilazimisha. Wepesi nao una mwenzake: chombo chepesi huibwa kwa urahisi.

Siku hizi mambo yamebadilika pande zote. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo za umeme zimeendelea kupandwa vijijini. Paneli za jua zimeshuka bei. Roland iliwahi kuuza Micro Cube, amplifaya yenye kilo 3 na kitu tu, iendeshwayo kwa betri 6 ndogo zinazopatikana duka lolote lenye tochi. Kwa hesabu ya waya, basi, mtu wa Ulemo mwenye umeme angeweza leo kununua valvu akitaka. Ila valvu zenyewe sasa hutengenezwa kwa wingi katika nchi tatu tu, Urusi, Slovakia na China, na Machi 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, Urusi ilizuia kwa muda zisitoke, na wapigaji wa London na Chicago wakahangaika. Kwa mara moja walionja kungoja kipuri ambacho hakiji. Ulemo, wakati huo, fundi alikuwa na kopo lake la transista chini ya meza, zilizong'olewa katika redio za watu waliokwisha kununua sabufa.