Bunge Letu: Kutoka Baraza la Gavana hadi Ukumbi wa Wananchi

Tarehe 7 Desemba 1926, jijini Dar es Salaam, Gavana Donald Cameron alifungua kikao cha kwanza cha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwenyekiti alikuwa yeye mwenyewe, wajumbe wengi walikuwa maofisa wake, na Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Bunge tunaloliadhimisha lilichipuka humo humo, na hiyo ndiyo fahari yetu sisi tuliolitumikia: wazee wetu waliingia katika baraza la mtawala, wakazisoma kanuni zake, kisha wakalitwaa bila kumwaga damu.

Mlango ulifunguka polepole. Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali waliteuliwa mwaka 1945, Waafrika wa kwanza kuketi pale. Mwalimu Julius Nyerere, kiongozi wa chama cha TANU, aliteuliwa mwaka 1957, na kabla ya mwaka huo kwisha akajiuzulu, kwa kuwa kila alichopendekeza kiligonga ukuta.

Mtihani mkubwa ukaja Tabora, kwenye mkutano wa TANU wa Januari 1958. Serikali ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena awe na elimu, kipato au wadhifa uliotajwa kisheria. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia. Mwalimu alisimama akawaambia kwamba wakisusia, viti vitachukuliwa na wengine. Mkutano ukamkubali, na hadi leo tunauita Uamuzi wa Busara. Mwanachama mmoja, Zuberi Mtemvu, hakuridhika, akaenda kuunda chama chake. Naye alikuwa mzalendo, na anastahili kutajwa.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda. Ndipo wakaingia Waasia na Wazungu ambao gavana hakutarajia kuwaona upande mmoja na TANU: Amir Jamal, Derek Bryceson, Lady Chesham, na Sophia Mustafa wa Arusha, aliyekuja kuandika kitabu kuhusu siku hizo. Oktoba 1959, ndani ya baraza hilo, Mwalimu alizungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Usiku wa Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni akiuwasha.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Machi 1961 waziri wa makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikuja mwenyewe Dar es Salaam, na mazungumzo ya katiba yakafanyika Ukumbi wa Karimjee, si London. Jambo hilo halisemwi vya kutosha. Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa ukoo ule ule uliotoa ukumbi, na aliongoza vikao kwa utulivu hadi nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache kabla ya siku hiyo palikuwa na mjadala mkali wa uraia, wengine wakitaka rangi iwe kigezo. Mwalimu alikataa katakata, akasema yuko tayari kujiuzulu, na Bunge likamfuata.

Mwaka 1962 wabunge walikaa kama Bunge la Katiba, wakapitisha katiba ya Jamhuri wao wenyewe. Mwaka huo huo kiti cha Spika kikachukuliwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Wazee wa Iringa hawajasahau kwamba mwaka 1954, pale Kalenga, fuvu la babu yake lilirudishwa na Gavana Twining, na yeye ndiye aliyelipokea. Miaka minane tu baadaye alikuwa akiwaamuru wabunge wakae. Sijui taasisi nyingine yenye Spika wa asili kama hiyo, na alituongoza, kwa vipindi viwili, hadi mwaka 1994.

Januari 1964, askari walipoasi, ilikuwa ngumu, na sheria kadhaa za miaka ile zilikuwa nzito. Nchi ilikuwa changa. Tarehe 25 Aprili 1964 Bunge liliridhia Hati za Muungano, na wenzetu wa Zanzibar wakajiunga nasi. Mwaka 1965 likaja Bunge la chama kimoja, ambalo halikukosa wasemaji wa kweli. Katiba ya kudumu, 1977. Haki za binadamu kuingizwa katika katiba, 1984. Vyama vingi, 1992, na uchaguzi wake wa kwanza 1995. Jengo jipya la Dodoma, 2006. Maspika waliofuata: Pius Msekwa, aliyewahi kuwa Katibu wa Bunge, Samuel Sitta, Anne Makinda, mwanamke wa kwanza, 2010, Job Ndugai, na Dkt. Tulia Ackson, aliyechaguliwa Oktoba 2023 kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Kwao, na kwa makatibu, wachapaji wa Hansard na wahudumu wa ukumbini ambao majina yao hayaandikwi popote, tunatoa shukrani zetu.