Rimoti Mkononi, Injini Hakuna

Mwaka 1937, mjini Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, wanaume wawili walirusha hadharani ndege ndogo zisizo na injini, yaani glaida, na kuziongoza kwa redio kutoka ardhini. Umaarufu wao haukutokana na urubani. Ross Hull, mzaliwa wa Australia, na mwenzake Clinton DeSoto walikuwa watu wa mawimbi, maofisa wa chama cha wapenzi wa redio nchini Marekani. Walizirusha zaidi ya mara 100. Mwaka uliofuata Hull alikufa kwa kupigwa na umeme akishughulika na televisheni aliyojiundia mwenyewe.

Glaida zenyewe zilikwishapata makao Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliibana nchi hiyo katika uundaji wa ndege za injini, basi vijana wakapanda Wasserkuppe, mlima wa mita 950, na mwaka 1920 mashindano ya glaida yakaanza huko. Upepo ukigonga mteremko hupanda juu, na glaida ikijua kukaa ndani yake haishuki. Penye tambarare hutafutwa hewa ya joto inayopaa, ile ile inayombeba mwewe akizunguka bila kupiga bawa.

Upepo ulikuwa bure. Shida ilikuwa redio. Vifaa vya awali vilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza na kukishikilia, usukani wa mkiani ulikwenda kulia. Ukikiachia, ulirudi katikati. Ukikibonyeza tena, kushoto. Nguvu ya kuusukuma ilitoka kwenye mpira uliosokotwa ndani ya kiwiliwili cha ndege. Aliyesahau alibonyeza upande gani mara ya mwisho aliiona ndege yake ikielekea kwenye miti. Ni katika miaka ya 1960 ndipo zilipoenea redio ambazo usukani wake ulifuata kidole kwa kadiri kilivyosogea.

Masafa nayo yalizua ugomvi wake. Watu wawili wakitumia masafa mamoja kwa wakati mmoja, ndege huanguka. Kwa hiyo viwanjani palikuwa na ubao wa vibanio: asiyeshika kibanio cha masafa yake hakuruhusiwa kuwasha redio. Utaratibu huo ulianza kupoteza kazi katika miaka ya 2000, zilipokuja redio za gigahezi 2.4 zinazotambuana zenyewe.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya glaida hizi yalifanyika Afrika Kusini mwaka 1977, yakipima mambo matatu: muda wa kukaa angani, umbali na kasi.

Kisha ukaja urushaji wa kisahani. Zamani ndege za kurushwa kwa mkono zilitupwa kama mkuki, na mabega yaliumia. Sasa mrushaji hushika kijiti kidogo kwenye ncha ya bawa kwa vidole viwili, huzunguka mwili mzima, kisha huachia. Ndege ya nyuzi za kaboni, yenye mabawa yasiyozidi mita 1.5, hupanda mita 60 na zaidi kwa nguvu ya mkono pekee.

Lakini ajabu kubwa iko nyuma ya kilima, upande usio na upepo, mahali ambapo warushaji wa zamani walipakwepa. Mwaka 1883 Lord Rayleigh alieleza jinsi ndege wa porini wanavyoweza kuchota nguvu kwenye mpaka wa hewa tulivu na upepo mkali. Katika miaka ya 1990 Joe Wurts wa Marekani akaijaribu kanuni hiyo nyuma ya vilima kwa glaida za redio: huzungushwa kati ya tabaka hizo mbili, na kila mzunguko huongeza mwendo. Januari 2021, huko California, glaida ya Spencer Lisenby ilipimwa kwa rada, kama trafiki anavyopiga tochi magari, ikasomeka kilomita 882 kwa saa. Boeing 737 yenye abiria husafiri kwa takriban kilomita 840, nayo ina injini mbili.