Statini na Pumu: Dawa Iliyotokana na Ukungu wa Mchele

Historia ya statini, yaani dawa zinazopunguza kolesteroli, aina ya mafuta ambayo yakizidi katika damu huganda kwenye kuta za mishipa, ilianza Tokyo mwaka 1971, pale mwanabiokemia Akira Endo wa kampuni ya Sankyo alipoanza kupima maelfu ya aina za ukungu. Endo, mzaliwa wa familia ya wakulima wa Akita, alikisia kwamba baadhi ya ukungu hujihami dhidi ya vijidudu hasimu kwa kutoa kemikali inayozuia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho bila hicho kolesteroli haiwezi kutengenezwa. Mwaka 1973 aliipata kemikali hiyo katika ukungu wa rangi ya buluu na kijani, Penicillium citrinum, uliotoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Hata hivyo, statini ya kwanza kuidhinishwa ilikuwa lovastatini ya kampuni ya Merck, mwaka 1987 nchini Marekani. Mwaka 1994 utafiti wa Skandinavia uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444 ulithibitisha kwamba simvastatini, dawa ya kundi hilohilo, hupunguza vifo.

Kimeng'enya kinachozuiwa na statini hakiishii kwenye kolesteroli, kwani huchangia pia kuundwa kwa viambata ambavyo seli za kinga huvitumia kupokeza ishara. Na kwa kuwa pumu hutokana na mchochota, yaani uvimbe na mwasho wa kudumu katika njia za hewa, wataalamu walianza kujiuliza iwapo dawa ya moyo ingeweza kutuliza kifua. Mwaka 2004 watafiti wa Glasgow walionyesha kwamba simvastatini ilipunguza mchochota katika mapafu ya panya waliosababishiwa mzio. Binadamu hawakupata nafuu ya namna hiyo: mwaka 2008, katika mji huohuo, watu wazima 54 wenye pumu walipewa atovastatini kwa wiki 8, na ingawa baadhi ya seli za kinga zilipungua katika makohozi yao, nguvu ya pumzi haikuongezeka.

Kwa sababu hiyo statini hazikuingia katika orodha ya tiba za kawaida za pumu, ambayo msingi wake umebaki kuwa steroidi za kuvuta. Mwenye pumu huandikiwa statini kwa ajili ya moyo na mishipa yake, kama mgonjwa mwingine yeyote.